Nota na midi za kwaya: tugawane faili zima au PDF tu?

Mwalimu wa Kigango: Tumsifu Yesu Kristo, walimu. Mtu akishachapa wimbo kwenye programu za kuandikia nota kama MuseScore au Sibelius, atoe faili lenyewe. Kigangoni kwetu hatuna mpiga kinanda. Nikiwa na faili natoa midi (faili la kompyuta linalopiga nota), natenga sauti nne, kila mwanakwaya anasikiliza ya kwake kwenye simu, na mwendo napunguza bila ufunguo kushuka. PDF itaniimbia?

Mtunzi: Milele amina. Faili langu nililitoa kwa moyo mweupe. Likanirudia besi imebadilishwa, jina langu limefutwa, limewekwa la mwingine. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inasema mtunzi atajwe, lakini mtunzi gani wa parokiani ana nguvu ya kufuatilia COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania? Na midi hizo ndizo zilizotuzalia kwaya za kasuku, solfa (nota za d r m) hawajui.

Alto wa Pili: Kasuku nani? Natoka kazini jioni, napanda daladala mbili, naingia mazoezini sauti yangu naijua tayari. Mnaosoma solfa ndio mnachelewa kuingia kwenye kiitikio kila Jumapili!

Besi Mkongwe: Binti, taratibu. Sisi tulifunzwa d r m ubaoni. Wimbo mpya ukiletwa asubuhi, misa ya pili tunauimba.

Mpiga Kinanda: Mzee, shikamoo. Hiyo solfa Curwen aliieneza Uingereza karne ya 19 ili watu wasiojua nota za mistari mitano waimbe. Nayo ilikuwa njia ya mkato.

Besi Mkongwe: Marahaba. Solfa inakutaka usome, midi inakusomea. Tena haina maneno! Mwanakwaya anameza nota, kisha anatamka "BwanA", mkazo mwishoni. Kiswahili gani hicho?

Alto wa Pili: Hilo ni kosa la mtunzi aliyeweka silabi ya mwisho kwenye pigo zito. Asisingiziwe mwanakwaya.

Mtunzi: Nyimbo zangu mikazo iko sawa. Taja mmoja.

Fundi Nota: Samahani, kuna jambo kubwa zaidi. Agosti 2024 wenye Finale, programu nyingine ya nota, walitangaza kwamba wanaisimamisha. Nyimbo nyingi zetu zimechapwa humo. Zihamishieni kwenye MusicXML (aina ya faili linalofunguka kwenye programu nyingine za nota) mapema, maana kompyuta ya mtunzi ikifa, inabaki PDF ambayo ni vigumu kuirekebisha au kutoa midi.

Alto wa Pili: Nikitaja mtakasirika. Ule wimbo wako wa matoleo, ubeti wa pili.

Mtunzi: Ubeti wa pili aliongeza mtu mwingine! Ndiyo maana sitoi faili. Midi za sauti nne nitatoa, basi.

Mwalimu wa Kigango: Mwalimu, nakubali midi. Ila sauti ya tatu (tenor) inafika G ya juu na waimbaji wangu hawaifikii. Bila faili, nitaushushaje ufunguo kwenye karatasi?

Besi Mkongwe: Kwa solfa, do unaiweka popote. Hakuna kuchapa upya.