Kuhamia moja kwa moja kwenye gari-nyumba baada ya kustaafu: betri, uzito na choo

Msafiri62

Wakuu, heshima kwenu. Tuko wastaafu wawili, nyumba tunaikabidhi kwa mnunuzi baada ya miezi miwili, halafu makazi ni gari-nyumba tu. Lina mita 7 na kibao chake kinasema uzito wa juu kilo 3,500. Kwenye mizani limesoma 3,380, sisi wawili tukiwa ndani, mafuta yamejaa, tangi la maji safi likiwa tupu. Tangi hilo ni la lita 100, la choo lita 70.

Umeme: betri mbili za asidi za Ah (ampea-saa) 100 kila moja, sola wati 200, invata (ya kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) wati 1,500. Vinavyokula sana ni friji ya kompresa ya volti 12 na mashine ya kupumulia usingizini, ambayo inapitia kwenye invata. Jioni mita inasoma volti 12.6. Ikifika saa kumi alfajiri invata inapiga kelele na kuzima.

Choo kinanuka japo tunamwaga kila baada ya siku mbili, na taa za kupimia zinaonyesha nusu hata kama tangi limetoka kumwagwa sasa hivi.

Tuanzie wapi? Naomba kuwasilisha.

FundiWaya

Shikamoo mzee. Kabla ya kununua chochote tupige hesabu ya siku moja.

Friji ya wati 45 ikifanya kazi nusu ya muda ni kama Wh (wati-saa) 540 kwa siku. Mashine ya kupumulia, ukiwa umewasha kipasha maji chake na bomba la joto, iweke wati 60 kwa saa 8: Wh 480. Invata yenyewe ikiachwa imewashwa mchana na usiku bila kazi inakula wati 10 hadi 15, kwa hiyo Wh 240 na zaidi. Taa, pampu na simu weka 200. Jumla inakaribia Wh 1,450.

Sasa upande wa kuingiza. Paneli ya wati 200 ikipata saa 4 za jua zuri, ukitoa robo ya kupotea njiani, inakupa Wh 600. Kila siku una deni la zaidi ya Wh 800. Betri za asidi haupaswi kuzishusha chini ya nusu, kwa hiyo 200 Ah yako ni Wh 1,200 za kutumia, na hizo ni kama betri ni mpya. Betri ya asidi isiyojazwa hadi mwisho kwa wiki kadhaa inashika ukoko wa salfeti kwenye bamba na kupoteza ujazo wake.

Ile 12.6 ya jioni isikudanganye. Umepima betri ikiwa imetoka kuchajiwa, volti za juu-juu bado zipo. Ipumzishe saa kadhaa bila kuchaji wala kutumia: 12.6 hadi 12.7 ndiyo imejaa, 12.1 au 12.2 ni nusu.

Kwa mpangilio huu:

Kwanza tafuta adapta ya volti 12 ya hiyo mashine, uitoe kwenye invata, kisha uzime kipasha maji kama koo linavumilia. Matumizi ya mashine yanashuka hadi nusu au chini ya hapo. Invata zima kwa swichi yake kila mnapomaliza. Hatua hizi mbili peke yake zinaokoa karibu Wh 450 kwa siku.

Pili, angalia waya. Wati 1,500 kwa volti 12 ni ampea 125, na ukijumlisha upotevu zinafika 140. Washa mzigo wa wati 1,000, pima volti kwenye vichwa vya betri, kisha pima pale waya unapoingia kwenye invata. Tofauti ikizidi volti 0.3 basi waya ni mwembamba au kuna terminali imelegea. Weka waya wa mm² 50, mfupi uwezavyo, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri.

Tatu, ongeza sola ifike wati 400, na betri uhamie lithiamu. Ila lithiamu ina masharti. Usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Chaja ya zamani yenye hatua ya kusafisha salfeti kwa volti 15 na kitu, izimwe hiyo hatua. Na usiiunge alteneta moja kwa moja, maana lithiamu inavuta ampea nyingi bila kupumzika hadi alteneta inaungua. Weka katikati chaja ya DC kwa DC, inayozuia ampea zisizidi, ya ampea 30.

EkseliMbili

Fundi, umegawa paneli kwa mtu aliyebakiza kilo 120. Akijaza maji zinabaki 20. Akinunua mboga, mtungi wa gesi na viatu amekwisha.

Ila kwenye lithiamu nakuunga mkono, na sababu yangu ni uzito. Betri mbili za asidi za Ah 100 zinafika kilo 55 hadi 60. Lithiamu moja ya Ah 100 ni kama kilo 12 na inakupa umeme unaotumika ule ule. Unapata kilo 45, unatumia 10 au 11 kwa paneli ya pili, unabaki na faida.

Mzee, rudi kwenye mizani upime ekseli moja moja. Jumla inaweza kuwa sawa huku ekseli ya nyuma imezidi. Chukua mfano wa kibebeo cha baiskeli: kilo 50 zikining'inia mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari lenye mita 4 kati ya ekseli, zinaongeza kilo 75 kwenye ekseli ya nyuma na kuipunguzia ya mbele 25. Usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele hazishiki vizuri. Vitu vizito viweke kati ya ekseli, chini.

Tembea na lita 20 za maji, jaza mkifika. Kupandisha uzito ulioandikwa kwenye kibao huwa kunawezekana, lakini soma leseni yako kwanza, isije ikawa inaishia 3,500.

Tairi: upepo unajazwa kwa uzito wa ekseli. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka ilipotengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Gari linalosimama sana, tairi zinapasuka kwa uzee huku kashata bado nzuri. Ikipita miaka sita, badilisha.

BiMwendo

Kwenye choo kosa ni huko kumwaga mapema. Tangi likiwa na maji kidogo, vali ikifunguliwa maji yanatoka na vigumu vinabaki. Vinajijenga kama kichuguu chini ya shimo. Anayeacha vali wazi muda wote akiwa kambini anapata kichuguu hicho haraka zaidi.

Ngojeni tangi lifike theluthi mbili. Mwaga la choo kwanza, halafu la maji ya kuogea lisafishe mpira. Funga, mimina lita 8 hadi 10 za maji safi kabla ya kutumia tena, na kila anayeenda choo asibane maji. Klorini msitie, inaua bakteria wanaoyeyusha uchafu. Karatasi jaribuni kwenye chupa ya maji: tikisa, na kama haijasambaratika isiingie tangini. Taa zinazodanganya ni karatasi iliyoganda kwenye vipimio. Jaza tangi, acha usiku mzima, mwaga, rudia. Ule ushauri wa kutia vipande vya barafu tangini ili visugue uchafu gari likitembea ni wa kujifurahisha.

Harufu ikija ghafla unapofungua kifuniko cha choo, angalia feni ya darini. Ikiwa inavuta na madirisha yamefungwa, hewa inaitoa tangini. Zima feni kwanza.

Na kwa kuwa mna kilo chache, mwageni kabla ya kuondoka, si mkishafika.

Msafiri62

Asanteni sana. La mwisho: usiku tukiwa tumechomeka umeme wa kambini, kengele ya gesi iliyo karibu na sakafu inalia. Mtungi umefungwa nje na hakuna harufu ya gesi. Kuna kaharufu kama ka yai viza.

FundiWaya

Mzee, chomoa chaja leo hii. Hilo yai viza ni betri inayochemka. Chumba kimoja ndani yake kimekufa, chaja haioni volti inazozitafuta, inaendelea kusukuma hadi asidi inatoa gesi, na gesi hiyo inaamsha kengele. Ikilia tena msiguse swichi yoyote: fungueni milango, tokeni nje, uchunguzi baadaye.

Hewa ikishakuwa safi, tenganisha betri mbili, zilale usiku mmoja kila moja peke yake, pima asubuhi. Itakayosoma karibu 10.5 ndiyo mbovu, na ndiyo inayoinyonya mwenzake hadi invata inazima alfajiri. Usiiunganishe nzima na mpya. Toa zote mbili.