Mikono ya vikaragosi vya kitambaa na sponji: kiwiko hutengenezwaje?

Mwalimu wa Jinja

Ndugu mafundi, salamu kwenu. Ninatengeneza vikaragosi vya mchezo wa kuwafundisha watoto wa shule ya msingi kunawa mikono. Vichwa vimekamilika na vinywa vinafunguka vizuri; iliyobaki ni mikono, nayo katika mchezo huu ndiyo yenye kazi kubwa, kwa kuwa lazima isuguane, ishike sabuni na ifike usoni. Nimeona vikaragosi vilivyojazwa sponji kutoka begani hadi vidoleni, na mikono yao husimama mbali na mwili bila kukunjika. Je, kiwiko hutengenezwaje, na waya wa kuongozea mkono ufungwe wapi? Tena, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kinafaa kwa ngozi ya mikono hiyo?

Fundi wa Kampala

Mwalimu, kiwiko cha kikaragosi ni mahali pasipojazwa kitu. Shona mfuko mmoja wenye umbo la mkono mzima, uingize vipande viwili vya sponji, kimoja cha kigasha na kingine cha mkono wa juu, ukiacha kati yao nafasi tupu ya sentimita 2 hivi, kisha upige mshono unaokatiza nafasi hiyo, nao utakuwa bawaba. Angalia sana mshono huo umelalia upande gani, kwa sababu mkono unapaswa kukunjika kuelekea kifuani, na ukiugeuza hata kidogo kikaragosi kitaonekana kimevunjika mfupa. Begani nako acha kitambaa kitupu cha sentimita 3 au 4 kabla ya kukishona mwilini, ili mkono uning'inie kwa uzito wake wenyewe.

Urefu usiupime kwa mkono wa mtu. Kichwa cha kikaragosi ni kikubwa mno kwa mwili wake, kwa hiyo mkono wenye kimo cha kibinadamu hautafika usoni. Kata kwanza mkono wa karatasi, ukunje, uone kama kiganja kinagusa jicho, ndipo ukate kitambaa. Kwa kuwa watoto watakuwa wakitazama viganja, ningevifanya vikubwa kupita kawaida, na ndani ya kila kidole ningetia waya mwembamba ambao ncha zake zimekunjwa ili zisitoboe nguo.

Dada wa Mbale

Kuhusu kiwiko sina la kuongeza. Kuhusu waya, spoki ya baiskeli ina unene wa milimita 2 hivi na hupatikana kila mji, lakini ni fupi, maana nyingi hazizidi sentimita 30. Kwa mtu mzima anayejificha nyuma ya pazia ningechagua waya wa chuma wa milimita 3, wenye urefu wa sentimita 45 hivi na mpini wa mbao. Pinda ncha ya juu iwe kitanzi na uishone ndani ya kiganja, kwa sababu kiganja kikiongozwa, kigasha na kiwiko hufuata vyenyewe.

Mchezaji mmoja hutia mkono mmoja kichwani na kushika nyaya zote mbili kwa mkono wa pili, na kwa kusugua viganja hilo linatosha kabisa. Kushika sabuni ni jambo jingine. Kermit, kikaragosi cha chura ambaye Mmarekani Jim Henson alimshona mwaka 1955 kwa koti kuukuu la mama yake, huongozwa kwa nyaya. Ila wahusika wanaotakiwa kushika vitu hupewa viganja vya glavu, na mchezaji wa pili huingia kusaidia mkono wa kulia. Kama una msaidizi, mtengeneze mhusika mmoja kwa namna hiyo. Koti la flisi, yaani kitambaa laini kinachonyumbuka, kutoka mitumba ya soko la Owino, Kampala, litakupa kitambaa cha kutosha.

Mshonaji wa Masaka

Mwalimu, olubugo, yaani hicho kitambaa cha gome la mutuba, ni fahari yetu, na UNESCO iliuingiza utengenezaji wake katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008, lakini haunyumbuki kama flisi, na penye kukunjwa mara kwa mara hupasuka. Mvalishe mhusika mzee joho la olubugo, na ngozi yake iwe ya flisi.

Vipande vya sponji viunganishwe kwa gundi ya fundi viatu: paka pande zote mbili, subiri hadi isinate kidoleni, ndipo ubane, tena kazi hiyo ifanyike penye hewa. Usiipake mahali sindano itakapopita, wala usiubandike mfuko wa nje kwenye sponji, kwani ngozi ikikosa kuteleza kiwiko hukakamaa. Maji halisi usiyatumie. Sponji huyanyonya, huwa nzito na huchelewa kukauka. Riboni za buluu zinazoshuka kutoka kwenye kibuyu zitaeleweka na mtoto yeyote.

Mwalimu wa Jinja

Asanteni sana. Je, nyaya zinaweza kuchomolewa wakati wa safari?

Dada wa Mbale

Ndiyo, mwalimu. Badala ya kukishona kitanzi, shona ndani ya kiganja kijifuko chembamba cha kitambaa kigumu, waya uingie kwa kubana, na pembeni uweke kifungo cha kuuzuia usichomoke mchezo ukiendelea.