Tangi la samaki la lita 450 ghorofani: sakafu itahimili?

MkaziShangani: Wakuu, naomba ushauri. Nataka kuweka tangi la kioo sebuleni, ghorofa ya kwanza, hapa Shangani, Mtwara. Urefu sm 150, upana sm 50, kimo sm 60, kioo mm 12. Sakafu ni slabu ya zege yenye marumaru, chumba mita 3.5 kwa 5. Ramani haipo. Fundi kasema "zege halina shida". Kweli?

Nondo12: Mkuu, anza na uzito. Maji lita 450 ni kilo 450. Ya bahari ni 460 hivi. Kioo cha mm 12 kina kilo 30 kwa mita ya mraba, na tangi lako linakula mita za mraba 3.15, hivyo kilo 95. Changarawe ya sm 5 ni kama kilo 60, stendi 50. Shika kilo 650. Changarawe inasukuma maji kidogo nje, hiyo iache iwe akiba.

Kitako ni mita ya mraba 0.75, kwa hiyo hapo pana karibu kilo 870 kwa mita ya mraba. Slabu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Usishtuke: hiyo 150 ni ya eneo lote, na chumba chako kizima kinafika kilo 2,600. Kinachoamua ni mahali.

Slabu yako inabeba zaidi kwa upande mfupi, imelalia kuta mbili ndefu. Tangi likikaa katikati ya chumba, inapinda kwa nguvu zote. Likikaa sambamba na ukuta mrefu, ukiacha mwanya wa sm 10, mpindo unabaki kama theluthi. Ila ukuta huo uwe umeanzia chini. Ukuta wa kugawa vyumba uliojengwa juu ya slabu haubebi kitu, wenyewe ni mzigo. Roshani ndiyo kabisa usiiguse.

Pimamaji: Kabla ya kununua chochote, shuka ukaangalie slabu kwa chini. Upepo wa bahari unakula nondo. Ukiona michirizi ya kutu, plasta inabanduka au nyufa zilizonyooka kufuata nondo, simama hapo, mwite mhandisi.

Stendi nayo: miguu minne ni zaidi ya kilo 160 kila mmoja, na marumaru yenye uvungu chini yake itapasuka. Kona moja ikizama, kitako cha kioo kinajipinda na silikoni inayoshika vioo inaachia hata kama slabu ni nzima. Chomelea fremu inayogusa sakafu mzunguko mzima, piga rangi ya kuzuia kutu, juu weka marini bodi (plaiwudi isiyoharibiwa na maji) mm 18, kisha shiti ya stairofomu mm 10. Tangi lenye fremu ya plastiki kitakoni halitaki stairofomu.

MkaziShangani: Ahsanteni. Ukuta mrefu wa upande wa bahari umeanzia chini, na slabu kwa chini ni safi. Ila marumaru mbili pale zinalia debe tupu. Na stendi ikiyumba, naweza kuweka kadibodi chini ya kioo?

Pimamaji: Chini ya kioo hapana! Kabari inakaa kati ya fremu na sakafu, iwe plastiki ngumu. Kadibodi ikilowa inabonyea. Mwanya unaobaki shindilia mota ya saruji. Marumaru hizo ng'oa, kwangua, bandika upya kwa gundi iliyotandazwa kote, maana mabonge matano ya gundi anayoweka fundi chini ya kila marumaru ndiyo yanayoacha uvungu.

Kisha jaza theluthi, pima kutoka ukingo hadi maji kwenye kona zote nne. Tofauti ikizidi mm 3, toa maji yote ndipo urekebishe. Ikiwa sawa, liache lilale hivyo usiku, kesho endelea.

Mwambao: Na nyumba ya zamani ya mawe Mikindani, ghorofa ya boriti za mikoko?

Nondo12: Juu usipandishe. Ncha za boriti zimezama ukutani, unyevu na mchwa vinazila bila kuonekana, na mzigo wote utaangukia boriti chache. Weka chini, kwenye jamvi la zege lililomwagwa juu ya mawe yaliyoshindiliwa.