Mrejesho: Emacs iliyong'ang'ania toleo la zamani

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini nimesasisha markdown-mode (pakeji, yaani programu ya nyongeza, ya kuandikia faili za Markdown) kupitia package.el (kisakinishi cha pakeji), lakini Emacs, programu yangu ya kuhariri maandishi, inaendelea kufungua ile ya zamani. Tatizo limeisha jana usiku hapa Sakina, Arusha, umeme uliporudi.

Kaka uliyeniambia nijaribu M-x locate-library (amri inayoonyesha Emacs inachukua faili lipi), ubarikiwe. Jibu likatoka: ~/lisp/markdown-mode.el. Nilicheka peke yangu. Faili hilo nililipakua mwenyewe miaka ile, nikalisahau.

Kumbe tangu Emacs 27 pakeji huwashwa kabla init.el (faili la mipangilio yako) haijasomwa: folda ya kila pakeji iliyo ndani ya elpa (folda ambamo package.el huweka pakeji) inaingizwa kwenye load-path, orodha ya folda ambamo Emacs hutafuta faili. Halafu inakuja init.el yangu na add-to-list yake (amri ya kuongeza kitu kwenye orodha), inachomeka ~/lisp mbele ya foleni yote! Emacs huanza kutafuta mwanzoni mwa orodha, na ikikuta faili inaishia hapo hapo, haina habari na toleo.

Nimelifuta faili hilo la ~/lisp, nikawasha Emacs upya, safi. Uliyesema nifute elpa nzima na kupakua upya, asante, ila bando langu lisingefika. Amri ya list-load-path-shadows, inayoonyesha faili zinazofunika nyingine zenye jina lile lile, imenionyesha mafaili mengine mawili ya aina hiyo, nayo yanaondoka leo.