Natuhumiwa kula hela za sare za kwaya na sijala hata mia, ninyamaze nimwachie Mungu au nijitetee? Naombeni ushauri

mama_wawili_moro:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wasio wa imani yangu nawasalimu pia. Uzi utakuwa mrefu mnisamehe, sina pa kuyasemea haya.

Nipo Morogoro, ni mhazini wa kwaya usharikani kwetu mwaka wa nne huu. Tulichangishana sare watu 32 kila mmoja elfu 45, jumla 1,440,000, zote ziliingia kwenye simu yangu maana kwaya haina akaunti. Nikamtumia fundi advansi 840,000. Ile 600,000 iliyobaki, Alhamisi moja jioni mwenyekiti akanipigia kwamba mwenye studio anataka hela ya kuanza kurekodi la sivyo nafasi anapewa kwaya nyingine, kwa hiyo tutoe hiyo halafu ya sare tutamalizia na mchango wa mwezi unaofuata. Nikatoa kwa wakala nikampelekea mkononi getini kwake. Sikumwandikisha. Huyu ndo alisimamia ndoa yangu jamani, ningeanzaje kumwambia asaini?

Sasa fundi kamaliza anadai chake, mwenyekiti kasimama mbele ya kwaya nzima anasema hajapokea hata shilingi. Usiku ule ule grupu la WhatsApp likawaka, voice note juu ya voice note, mara kumbe ndo maana kanunua simu mpya (simu kaninunulia mume wangu), mara hata sadaka za mwaka jana zichunguzwe. Wazee wa kanisa wamenisimamisha uongozi. Jumapili nilikaa benchi la nyuma, mwanangu wa miaka tisa anaimba kwaya ya watoto, tukiwa njiani kurudi akaniuliza mama eti ni kweli umeiba hela za kanisa.

Mama mmoja ninayemheshimu sana kaniambia ninyamaze kama Yesu mbele ya Herode, Bwana atanipigania. Mume wangu anasema twende polisi leo leo. Mimi nikifungua Zaburi ya 35 pale anaposema mashahidi wa udhalimu wanasimama wananiuliza mambo nisiyoyajua, nalia nafunga Biblia. Je nikijitetea nitakuwa nimekosa imani?

sauti_ya_tatu:
Pole sana dada. Hilo swali la mtoto limeniuma kuliko yote. Ulimjibuje?

mama_wawili_moro:
Nilimwambia hapana mwanangu, mama hajaiba. Akasema sawa. Ila tangu siku hiyo hataki kwenda mazoezi.

mzee_wa_kipaimara:
Mwanangu, nimefundisha kipaimara miaka mingi, ngoja nikwambie jambo kuhusu huo ukimya. Ni kweli mbele ya Herode Bwana hakujibu neno, Luka 23. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa kuhani mkuu alipopigwa kofi alijibu, soma Yohana 18:23, akamwambia kama nimesema vibaya ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema wanipigia nini? Herode alikuwa anataka kuona miujiza tu, hakuwa anatafuta haki. Kwa hiyo jiulize anayekuuliza anatafuta nini. Grupu la WhatsApp ni Herode, hao usiwajibu. Wazee wa kanisa unapaswa kuwajibu, tena kwa maandishi.

Na Paulo kule Filipi, Matendo 16, walipigwa hadharani bila hukumu, asubuhi wakubwa wanataka kuwatoa kimya kimya. Akakataa, akasema waje wenyewe watutoe. Huwezi kusema Paulo hakuwa na imani, usiku wake alikuwa gerezani anaimba.

mhasibu_mlokole:
Naongea kihasibu. Kachukue taarifa ya miamala kwenye mtandao wako wa simu, ya kuanzia siku mchango wa kwanza uliingia mpaka leo, kila senti ionekane. Lakini nikwambie ukweli dada yangu, ile 600,000 itaonekana UMETOA kwa wakala, haitaonekana ameipokea nani, hiyo peke yake inaweza kukugeukia. Kwa hiyo: siku ile mliwasiliana kwa meseji? Na je studio ilipokea hela, lini, kutoka kwa nani? Wenye studio wengi wana daftari.

Na mbele ya safari usipokee hela ya watu peke yako tena. Paulo mwenyewe akibeba mchango wa kwenda Yerusalemu alitembea na wenzake, 2 Wakorintho 8:20-21, ili mtu asije akawalaumu, akifikiri yaliyo mema si mbele za Bwana tu ila na mbele za wanadamu. Kuandikishana sio kutoaminiana.

mama_wawili_moro:
Meseji ipo moja kaka, saa 12 na dakika 40 jioni, "dada nipo hapa getini njoo nayo tu". Haijataja hela. Studio sikuwahi kuwaza kuwauliza kabisa.

dadake_wa_nakuru:
Pole dadangu. Mimi nilishukiwa hivyo kwa chama chetu cha wamama hapa kanisani, nikanyamaza miezi mitano nikingoja Mungu, na ule unyamavu watu wakauchukulia kama ni kukubali makosa. Usingoje kama mimi. Lakini polisi pia usikimbilie, ukimpeleka mtu huko hata ukishinda kesi, kwaya itakuwa imevunjika vipande viwili.

msomaji_wa_historia:
Kuna askofu mmoja wa zamani, Athanasio wa Alexandria kule Misri. Mwaka 335 aliitwa kwenye baraza Tiro, moja ya mashtaka ni kwamba kamuua askofu mwenzake anaitwa Arsenio na kumkata mkono autumie kwenye uchawi, na mkono wenyewe ukaonyeshwa ndani ya boksi. Inasimuliwa kwamba Athanasio akamleta Arsenio mzima mzima, akamfunua mkono wa kwanza, akamfunua wa pili, akawauliza huu wa tatu katolewa wapi. Na bado walimhukumu, akapelekwa uhamishoni, na maishani mwake alifukuzwa mara 5, jumla miaka kama 17. Sikwambii hivi nikutishe. Ushahidi peleka, lakini usiweke amani yako yote kwenye siku ya kikao, maana wapo ambao hata wakioneshwa mikono yote miwili hawataamini.

mzee_wa_kipaimara:
Naongeza kitu kimoja na usinichukie mwanangu. Amri ya nane, usimshuhudie jirani yako uongo, kwenye Katekisimo Ndogo (kile kitabu chetu cha mafundisho ya imani) Luther anaieleza kwamba tumtetee jirani, tumnenee mema, mambo yake tuyapokee kwa upande ulio bora. Wamekukosea sana kwenye hilo. Lakini na wewe ukiingia kikaoni usiseme mwenyekiti ni mwizi, kwa sababu hujui hela ilienda wapi baada ya mkono wake. Sema ulichokifanya na ulichokiona tu.

mama_wawili_moro:
Baba hapo umenigusa, maana moyoni nishamuita mwizi mara mia.

Nawarudishia taarifa wapendwa. Miamala nimeichukua, kurasa nne. Studio nimeenda leo na mume wangu, yule kijana kafungua daftari, kaandika Ijumaa, yaani kesho yake, kapokea laki 4 kutoka kwa mwenyekiti wetu, jina na sahihi vipo, akaturuhusu kupiga picha. Laki 2 hazimo. Nimeketi pale kwenye ngazi za studio nimelia mpaka mume wangu akaniletea maji.

Sijaituma kwenye grupu. Nimeandika barua kwa wazee wa kanisa naomba kikao, mwenyekiti awepo, na wakiona sina kosa waseme Jumapili kwenye matangazo kama walivyonitangaza. Mchungaji kaipokea, kasema Jumamosi saa 4.

Naombeni maombi yenu. Na mnisaidie hili, Jumamosi niende na mwanangu au nimwache nyumbani?

sauti_ya_tatu:
Mwache nyumbani dada, kikao sio cha mtoto. Jumapili ya matangazo ndo umkalishe pembeni yako.