Mishale yangu ya shabaha naweza kuiwindia kulungu?

Mlengaji wa Ziwani:
Habari zenu wanajamvi. Niko Minnesota, Marekani, mwaka wa nne sasa. Napiga shabaha kwa upinde wa rikavu, ule wa ncha zilizopinda kwenda mbele, wenye nguvu ya kuvuta ya paundi 38: mita 70 wakati wa joto, na theluji ikianza tunaingia ukumbini kupiga mita 18. Mwenzangu wa kazini amenialika tukawinde kulungu Septemba kwenye shamba la baba yake, na ameniazima upinde wake wa paundi 45. Mishale ninayo dazeni nzima ya kaboni, namba 700, myembamba kuliko penseli, mmoja una gramu 19 hivi. Niliinunua kwa kujinyima na naijua kila mmoja tabia yake. Je, nibadilishe ncha tu niende nayo, au ni lazima nitafute mingine? Sitaki mnyama ateseke kwa sababu nimebana pesa.

Kapi:
Badilisha ncha dada, mshale ni mshale. Wenye maduka ndio wanaotaka uamini vingine.

Mzee wa Kitui:
Kapi, hapo nakukatalia kabisa. Na wewe binti yangu, tafadhali usiende msituni na mishale hiyo.

Nilifanya hivyo mimi, mwaka wangu wa kwanza wa kuwinda huku. Kulungu dume alisimama hatua kumi na nane kutoka nilipokuwa, ubavu wote wazi. Nikaachia. Mshale ukapiga mfupa wa bega, nikasikia sauti kama mtu anabisha mlango, kisha nikauona unaning'inia, umezama vidole viwili tu. Nilifuata matone ya damu mpaka giza, nikarudi alfajiri na taa, sikumpata. Sijasahau hata leo.

Mshale wa shabaha kazi yake inaisha ukigusa karatasi. Unatakiwa uruke haraka, usipinde sana njiani, na upepo wa mita 70 usiupate pa kuusukuma. Ndiyo maana ni mwembamba na mwepesi. Wa kuwindia kazi yake inaanza pale unapogusa. Lazima upite ngozi na mbavu, ukate mapafu, na ikiwezekana utokee upande wa pili. Hapo kinachobeba ni uzito. Kwa paundi 45, mimi sishuki chini ya greini 450 kwa mshale mzima, karibu gramu 29. Wako hauna hata 300.

Babu yangu mishale yake ilikuwa myepesi kuliko hiyo, na aliua nayo wanyama wakubwa. Lakini ilikuwa na sumu. Alichemsha magome na vijiti vya mti wa kivai siku nzima hadi vikawa kitu cheusi kama lami, akapaka nyuma ya kigumba, akavingirisha ukanda laini wa ngozi ili sumu isikauke na mtoto asiiguse. Mshale ulihitaji kuingia tu, sumu ikamaliza. Huku huna sumu, una makali na damu basi.

Sasa, hata ukitaka, ncha zako zimegundishwa kwa gundi, na mawano (yaani vijiti vya mishale) membamba namna hiyo mengi hayana pa kufunga kigumba cha skrubu. Halafu kuna ugumu wa wano. Ile 700 maana yake ni kwamba wano likishikwa inchi 28 kati ya nguzo mbili, ukaning'iniza uzito wa paundi 1.94 katikati, linapinda inchi 0.700. Namba ikiwa kubwa, wano ni laini. Upinde wenye nguvu zaidi unalifanya lipinde zaidi, na kigumba kizito mbele kinaongeza. Mshale utatoka ukitikisa mkia kama samaki, na zile bapa za kigumba zitashika hewa kama mabawa, uende unakotaka wenyewe. Anza na 500, liache refu, ulijaribu.

Manyoya chukua ya bata mzinga, inchi nne au tano, yaliyopindishwa kidogo. Vibawa vyako vya plastiki ni vidogo mno kukituliza kigumba.

Mita Sabini, Nairobi:
Sisi Kenya swali hili halitujii, uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Upinde tunaujua kwa shabaha, na Shehzana Anwar aliubeba mpaka Olimpiki ya Rio 2016. Nakuomba tu usiikate wala kuigusa hiyo dazeni yako. Na ukumbini msimu huu jaribu mawano manene: mshale ukigusa mstari unahesabiwa duara la juu, na kanuni zinaruhusu mpaka milimita 9.3. Huko unene ni faida, nje upepo unakuadhibu.

Mlengaji wa Ziwani:
Asanteni sana. Mzee, shikamoo, nimesoma mara mbili. Vigumba vya aina gani?

Mzee wa Kitui:
Marahaba binti. Bapa mbili au tatu zisizokunjuka, greini 125. Sheria ya Minnesota inataka upana usiopungua inchi 7/8, na visiwe na ndoano za kurudi nyuma kama za kwetu. Vinoe mpaka vinyoe malaika ya mkono. Usivipige kwenye shabaha za klabu, vitazichana. Tafuta ya povu.

Na kila wano la kaboni, kabla ya kulipiga, lipinde taratibu karibu na sikio. Likilia kama kijiti kikavu, livunje utupe. Ukipata mnyama na mshale umevunjikia ndani, nyama iliyozunguka jeraha usile, vinyuzi vya kaboni havionekani.

Mlengaji wa Ziwani:
Nimeagiza sita za 500. Jumamosi naanza hatua kumi, mshale mmoja usio na manyoya kwanza nione unaelekea wapi. Nitaleta picha.