Mjadala: Ni haki kurudisha posa kwa sababu mama wa binti ana Parkinson?

Mkazi wa Ngamiani

Assalaam alaykum wana Tanga, na wengine wote habari zenu. Nataka tulijadili hili kwa uwazi maana linaumiza watu. Mtaani kwetu posa imerudishwa. Mshenga alishapokewa na barua ikajibiwa, kisha upande wa mwanamume wakapata habari kwamba mama wa binti anatetemeka mkono na anaburuta miguu, na hospitali imesema ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo. Msomi mmoja wa upande ule akatia neno: ugonjwa huu huanzia kwenye mitokondria, na mitokondria mtu hurithi kwa mama peke yake, kwa hiyo binti ameshaubeba. Hapo posa ikafa.

Mimi nasema hiyo ni dhuluma, tena imevishwa kanzu ya sayansi.

Ni kweli mitokondria ndizo zinazozalisha nguvu ndani ya seli. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote, kwa hiyo mitokondria zikilegea ubongo huumia upesi, hasa zile seli za dopamini zinazotuwezesha kwenda kwa ulaini. Ni kweli pia kwamba vinasaba (DNA) vya mitokondria hutoka kwa mama. Ila vina jeni 37 tu! Protini nyingi mno zinazoendesha mitokondria huandikwa na jeni za kiini cha seli, ambazo mtu hupewa na baba na mama. Jeni ya parkin, iliyotambuliwa mwaka 1998, na PINK1, mwaka 2004, ambazo kazi yake ni kusimamia uondoaji wa mitokondria zilizochakaa, ziko huko kwenye kiini. Kwa kawaida mtoto huugua akirithi nakala mbovu pande zote mbili, na huanza kuugua akiwa bado kijana. Mama huyu ameanza kutetemeka akiwa ameshavuka 60.

Mama wa Makorora

Mwanangu, umesema vizuri lakini hujauguza. Mimi nimeuguza. Kumfunga mtu vifungo vya kanzu kimoja kimoja, kumgeuza usiku kitandani kwa kuwa mwenyewe hawezi, uji unapoa mkononi akijaribu kumeza. Mzazi anayeulizia afya ya ukoo kabla ya kuoza mwanawe anatimiza wajibu. Vijana wanahimizwa kupima sikoseli kabla ya ndoa na hamlalamiki. Hapa mnalalamika nini?

Mkazi wa Ngamiani

Shikamoo mama, na pole sana kwa kuuguza. Sikoseli jeni yake inajulikana, kipimo kipo, na jibu lake halina utata. Parkinson wagonjwa walio wengi hawana jeni moja ya kunyooshewa kidole. Wanaopeleleza ukoo huu hawana cha kupima. Wanachokitoa ni hukumu.

Mkulima wa Lushoto

Niruhusuni na mimi. Nalima kabichi na nyanya. Bomba la mgongoni likivuja, dawa hushuka mpaka kiunoni, shati linalowa na kazi inaendelea hadi jioni. Mwaka 1982 kule California vijana waliojidunga heroini bandia waliganda mwili ndani ya siku chache kama wagonjwa wa Parkinson wa miaka mingi. Ndani yake mlikuwa na MPTP, sumu inayozima mitokondria. Mwaka 2000 watafiti wakaonyesha kwamba rotenoni, dawa ya kuua wadudu, inaleta dalili hizo kwa panya. Parakwati, ya kuua magugu, Umoja wa Ulaya uliikataa tangu 2007. Kwa nini mshenga aulize damu ya mtu, wala asiulize miaka aliyopulizia shamba? Mimi ningependa tubishane hilo.

Mkazi wa Ngamiani

Kaka, hapo ndipo epijenetiki inapoingia. Ni alama za kikemikali zinazokaa juu ya vinasaba, zikaongeza au kupunguza kazi ya jeni bila kugusa maandishi yake. Waliotungwa mimba wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945 walikutwa na tofauti za alama hizo miaka 60 baadaye. Na kwenye ubongo wa waliofariki na Parkinson watafiti wamekuta alama zilizobadilika pia. Kwa hiyo chakula, sumu na dhiki vinaandika juu ya ile damu mnayoipeleleza, na karatasi ya ukoo haiwezi kuyaonyesha hayo.

Muuguzi, Chumbageni

Jambo moja mmelipita. Ukoo unaokimbia damu ya watu mara nyingi hurudi kuoza ndani. Nakala mbovu ya parkin ikiwa imejificha kwenye ukoo, binamu wawili wakioana ndiyo hupata nafasi kubwa zaidi ya kukutana. Wanaoogopa ugonjwa wa kurithi waanzie hapo.

Mkazi wa Ngamiani

Dada, umenigusa, maana kijana ameshatajiwa binti wa ami yake. Ami huyo nitamfuata baada ya swala ya Ijumaa, nimwombe twende pamoja kwa daktari kabla barua ya pili haijaandikwa. Na yule mama naye aulizwe kama ameanza levodopa, dawa ya Parkinson, kwani mpaka leo hakuna aliyeuliza.